Ukienda Mjini Mwisho wa Juma, Ule Wapi na Unywe Nini?

Siku hizi safari ya mjini imekuwa jambo jepesi. Treni ya umeme iliyoanza kazi kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 inamfikisha mtu Dar es Salaam kwa muda wa kama masaa mawili. Wengine huja kwa basi na kushuka katika kituo cha Magufuli, Mbezi, kilichofunguliwa mwaka 2021. Mtu anaondoka Ijumaa kwenda kwenye harusi, au kumtazama ndugu aliyelazwa, au kununua nguo za kuja kuuza, na Jumapili jioni amerudi kijijini. Katika siku hizo atakula mara sita au saba, na karibu kila mara atakula chakula kilichopikwa na mtu asiyemjua, kwa maji asiyojua yametoka wapi.

Katika somo la leo tutazungumza juu ya mahali pa kula na kunywa tuwapo mjini. Hatukusudii kumtisha mtu asile. Dar es Salaam ina vyakula vitamu, na mtu aliyetoka mbali ana haki ya kuvifurahia. Tunalotaka ni kwamba ajue kuchagua, kwa sababu anayechagua vibaya haugui peke yake. Jambo hili la mwisho ndilo lililotufanya tuandike somo hili, kwa hiyo tulieleze kwanza.

UGONJWA HUPANDA GARI

Chukua mfano wa kipindupindu. Ugonjwa huu uliripotiwa nchini kwetu mara ya kwanza mwaka 1974, na tangu mlipuko wa mwaka 1977 umekuwa ukirudi mara kwa mara. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea karibu mikoa yote ya Bara, na watu zaidi ya 20,000 waliugua.

Viini vya kipindupindu huingia kwa njia ya mdomo, katika maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye ugonjwa. Tangu vinapoingia hadi mtu aanze kuharisha, huweza kupita masaa machache tu, au hata siku 5. Mara nyingi ni siku 2 au 3.

Sasa hesabu mwenyewe. Mtu amekula kachumbari yenye viini Jumamosi mchana. Jumapili anapanda gari akiwa mzima kabisa, na zawadi za watoto mkononi. Jumatatu usiku au Jumanne tumbo linaanza. Wakati huo yuko nyumbani kwake, ambako pengine choo kiko karibu na kisima, au hakuna choo na watu huenda porini karibu na mto. Aliyemwuzia ile kachumbari hatapata habari. Watakaougua baadaye ni mke wake, watoto, na majirani wanaochota maji hapo.

Kibaya zaidi, watu wengi walioingiwa na viini hivi hawaugui hata kidogo, au huharisha kidogo tu wakadhani ni uchovu wa safari. Hata hivyo viini hutoka katika kinyesi chao kwa muda wa siku 1 hadi 10. Kwa hiyo usiseme, “Mimi tumbo langu ni la chuma.” Tumbo lako linaweza kuwa la chuma, lakini la mtoto wako wa miaka miwili si la chuma.

KWA MAMA LISHE

Watu wengi hudhani kwamba hoteli yenye viti vya kung'aa na kabati la vioo ni safi kuliko banda la mama lishe. Mara nyingine ni kweli, na mara nyingine sivyo. Sambusa na kuku waliokaangwa saa moja asubuhi, wakakaa katika kabati la vioo lenye joto la uvuguvugu hadi saa tisa, wamekaa mahali ambapo viini hupenda sana. Viini vya magonjwa huzaana haraka katika joto la kati ya sentigredi 5 na 60. Chakula cha uvuguvugu ni shamba lao lenye rutuba.

Banda la mama lishe lina faida moja kubwa, nayo ni kwamba unaliona jiko. Pale Ilala, Buguruni, Temeke au pembezoni mwa Kariakoo utawakuta akina mama wanasonga ugali mbele ya macho yako. Fika saa sita au saa saba, wakati ugali unatoka motoni na sufuria ya maharage bado inachemka. Ukifika saa kumi, chakula kile kile cha mama yule yule si salama tena kama kilivyokuwa mchana. Chagua pia penye wateja wengi, hasa makuli na madereva wanaokula hapo kila siku, maana penye watu wengi chakula hakilali.

Jihadhari na wali uliopikwa asubuhi ukaachwa wazi. Katika mchele kuna viini vinavyojifunga ndani ya ganda gumu vikastahimili kuchemshwa. Wali ukikaa bila moto huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto upya. Mtu hutapika masaa machache baada ya kula. Basi kama wali si wa sasa hivi, kula ugali.

Kabla ya kukaa, tazama vyombo vinavyooshwa. Kama sahani zote tangu asubuhi zimepita katika beseni moja la maji ya kijivu, nenda banda la pili. Tazama na maji ya kunawa. Yanayomiminwa toka jagi au ndoo yenye koki yanafaa; beseni moja ambalo watu kumi wamechovya mikono ni kugawana uchafu. Chukua kipande cha sabuni toka nyumbani, ukifunge katika mfuko mdogo. Hakuna atakayekucheka, na hata akikucheka hilo si kitu.

Asubuhi ni wakati mzuri kuliko wote. Supu ya moto, chapati inayotoka kwenye kikaango, chai ya rangi au uji unaochemka: hapo ni vigumu kukosea. Msafiri mwenye fedha kidogo na ashibe asubuhi, ili mchana asisukumwe na njaa kula chochote anachokiona njiani.

SAMAKI WA FERI

Mtu wa bara akifika Dar es Salaam hutaka kula samaki wa bahari, na mahali panapojulikana ni soko la samaki la Feri, karibu na kivuko cha Kigamboni. Ukinunua samaki mwenyewe na kukaangiwa hapo hapo, nenda asubuhi. Macho yake yawe maangavu, ndani ya mashavu pawe pekundu, na nyama irudi ukiibonyeza kwa kidole.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Samaki kama nguru, jodari na vibua, wakikaa juani bila barafu, hufanya sumu katika nyama yao. Sumu hiyo haifi kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Aliyeila huona uso umekuwa mwekundu au wa moto, mwili unawasha, na kichwa kinagonga, mara nyingi kabla ya masaa mawili kupita. Watu hudhani amerogwa au samaki wamemkataa. Kumbe samaki alikuwa juani. Kwa hiyo samaki aliyelala mezani tangu alfajiri bila barafu usimnunue hata kama bei imeshuka nusu. Bei imeshuka kwa sababu.

Jioni katika mitaa mingi huuzwa pweza. Supu yake ikiwa inachemka, kunywa. Lakini lile bakuli la pilipili ambalo kila mpita njia huchovya kipande chake, liache.

Huko Coco Beach, Oysterbay, watu hupumzika Jumapili kwa muhogo wa kukaanga na mishikaki. Muhogo ukitoka mafutani sasa hivi hauna neno. Mishikaki iive mpaka ndani pasiwe na damu. Shaka iko kwenye kachumbari na chachandu vinavyopakwa juu, kwa sababu havikupita motoni na hujui vilioshwa kwa maji gani. Kula muhogo wako kwa chumvi na ndimu uliyokatiwa mbele yako.

VINYWAJI

Maji mengi ya bomba ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, na husafishwa katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Yanapotoka mtamboni ni maji mazuri. Lakini njiani bomba huweza kupasuka, tangi la nyumba huweza kukaa miaka bila kusafishwa, na dumu la mwuza maji wa mkokoteni hujui jana lilibeba nini. Kwa hiyo chemsha maji nyumbani, uyabebe katika chupa. Yakiisha, nunua ya chupa ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa. Ukikizungusha kikate chenyewe. Au tia kidonge cha kutibu maji kama ilivyoandikwa kwenye pakiti, na usubiri muda uliotajwa bila haraka.

Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi ni tamu sana wakati wa joto. Hatari yake iko mahali patatu: mashine inayovutia nzi, bilauri iliyosuuzwa tu, na barafu. Watu wengi huamini kwamba baridi huua viini. Si kweli. Baridi huvilaza tu, na barafu iliyotengenezwa kwa maji machafu ni maji machafu yaliyoganda. Soda iliyopoa ndani ya chupa ni salama. Soda ile ile iliyomiminwa juu ya mabonge ya barafu si salama tena.

Kinywaji tunachokipendekeza kuliko vyote ni dafu. Maji yake yamefungwa na Mungu mwenyewe, na mwuzaji hulifungua mbele yako. Linywe katika dafu lenyewe, usikubali kumiminiwa katika bilauri. Matunda nayo ni hivyo hivyo. Ndizi na chungwa unalomenya kwa mkono wako uliooshwa ni bora kuliko tikiti lililokatwa vipande likanyunyiziwa maji ili ling'ae.

Wapenda kahawa wasikate tamaa. Kahawa chungu ya barazani Kariakoo au Magomeni hukaa juu ya makaa muda wote, haina ubaya. Ubaya uko katika vile vikombe vidogo vinavyosuuzwa katika kindoo kimoja toka alasiri mpaka usiku. Mwambie mzee, “Shikamoo, naomba uniunguzie kikombe.” Atamimina kahawa ya moto, ataizungusha, ataimwaga, ndipo akumiminie ya kunywa. Hatari itapungua, na mzee hatachukia ukimlipa hicho alichomwaga.

Kuhusu pombe tutasema neno moja tu. Gongo na pombe nyingine zisizojulikana zilikotengenezwa huweza kuwa na spiriti ya sumu inayopofusha macho au kuua. Mgeni hajui nani anauza nini, basi asijaribu.

UKIRUDI NYUMBANI

Kwa siku 10 baada ya safari tumia choo bila kukosa, na nawa kwa sabuni kila utokapo chooni na kabla ya kushika chakula cha watoto. Ukianza kuharisha, anza kunywa maji papo hapo, usingoje kuona kama yataacha. Dawa ya kurudisha maji mwilini hupatikana katika zahanati na maduka ya dawa. Kama haipo karibu, chukua maji safi lita 1, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta si vya kilima, koroga, unywe kila mara baada ya kuharisha. Chumvi isizidi, maana ikizidi inadhuru, hasa watoto. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Zahanati humpa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14.

Choo kikiwa kama maji yaliyooshea mchele, usisubiri kuche. Mtu anaweza kufa kwa masaa machache kwa kuishiwa maji. Mpeleke zahanati huku akiendelea kunywa njiani, na mwambieni mganga kwamba ametoka mjini na siku aliyorudi. Mwambieni pia kama ni homa isiyokoma iliyoanza wiki moja, mbili au tatu baada ya safari, kwa maana homa ya matumbo huchelewa hivyo. Apelekewe habari na bwana afya wa kata, ili kisima kitazamwe mapema.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mtu amerudi toka mjini Jumapili, na Jumanne anaharisha. Hapa kijijini kwetu, kinyesi chake kinaweza kufika katika maji ya nani?

2. Kwa nini samaki aliyeharibika juani haponi kwa kukaangwa?

3. Siku za mnada hapa kwetu, ni nani wanaouza chakula na uji, nao wanachota maji wapi? Ni wangapi kati yao wana ndoo yenye koki?