Umekwama kilomita ya tatu baada ya kujifungua? Punguza mwendo

Wanawake wengi wanaoanza kukimbia baada ya kujifungua hukwama mahali pamoja. Kilomita ya kwanza iliwezekana, ya pili ikawezekana, ya tatu ikaja kwa taabu, na hapo pakaganda. Wiki zinapita, na kila ukifika palepale miguu inakuwa mizito, pumzi inakata, unarudi nyumbani kwa kutembea huku umeukasirikia mwili wako. Wa karibu watakwambia ukaze roho. Kwa mwanamke aliyetoka kujifungua huo ni ushauri mbaya. Mara nyingi aliyekwama hajakosa bidii: amezidisha kasi, tena anaukimbiza mwili ambao bado unatengeneza damu, unatengeneza maziwa na haujalala usiku mzima tangu mtoto azaliwe.

Kabla ya kugusa ratiba, jipime. Mwaka 2019 wataalamu watatu wa fiziotherapia wa Uingereza, Tom Goom, Gráinne Donnelly na Emma Brockwell, walitoa mwongozo unaoshauri mwanamke asirudi kukimbia kabla ya miezi mitatu tangu ajifungue. Kumaliza arobaini, basi, si ruhusa ya kukimbia. Na hata miezi mitatu ikitimia, mwili ndio unaoamua. Tembea dakika 30. Simama kwa mguu mmoja sekunde 10. Kimbia papo hapo dakika moja. Rukaruka kwa mguu mmoja mara 10, kisha mwingine. Yote hayo yapite bila maumivu, bila mkojo kuvuja, na bila kuhisi uzito ukeni kama kitu kinachotaka kushuka. Ukihisi kimojawapo, usiongeze hata mita moja. Muone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Aliyejifungua kwa upasuaji aongee na daktari wake kwanza, hata kama kovu kwa nje limepona vizuri.

Suala la mkojo nitalikalia kidogo, kwa sababu wengi huvaa pedi, wakanyamaza, wakaendelea. Kuvuja ni jambo la kawaida baada ya uzazi, lakini si la kuzoea, na linatibika. Kaza misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo na ushuzi kwa wakati mmoja, shikilia hadi sekunde 10 huku unapumua, halafu legeza kabisa. Rudia mara 10, mara tatu kwa siku. Unaweza kufanya hivyo umekaa unanyonyesha na hakuna atakayejua. Usijaribu ukiwa chooni unakojoa, maana hapo unakizuia kibofu kisimalize mkojo. Kulegeza nako ni sehemu ya zoezi, na ndiko wengi wanakokuruka.

Jambo la pili ni damu. Mwanamke anayechoka upesi, anayesikia moyo unadunda kwa ngazi chache tu, apime wingi wa damu (hemoglobini) kabla ya kujilaumu. Ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, hata mapafu yakifanya kazi ipasavyo, bado oksijeni ya kutosha haitafika miguuni. Hapo dawa ya madini ya chuma atakayopewa kliniki itamsogeza mbele kuliko ratiba yoyote ya mazoezi. Chakula nacho kisaidie: maharage, dagaa, nyama, matembele, na kipande cha chungwa au embe pembeni. Chai iache kwa saa moja hivi baada ya mlo, kwa kuwa hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa mwilini. Anayenyonyesha huhitaji hadi kilokalori 500 za ziada kwa siku, na mbio zinaongeza hitaji hilo. Kwa hiyo usikimbie tumbo tupu ukitafuta kupungua haraka. Bakuli la uji wa ulezi au la mtori si anasa kwako. Na wanaosema mbio huharibu maziwa wasikutishe: mazoezi ya wastani hayapunguzi maziwa wala hayamdhuru mtoto. Nyonyesha kabla ya kutoka, uende matiti yakiwa mepesi.

Sasa mbio zenyewe. Acha kuhesabu kilomita, hesabu dakika. Anayekimbilia Daraja la Tanzanite pale Dar es Salaam anajua daraja lina kilomita moja na kidogo, basi kila hatua anapiga hesabu ya kilichobaki, na bila kujua anaongeza kasi ili aimalize. Weka saa. Kimbia dakika 3, tembea dakika 1, rudia hadi zitimie 28. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia Olimpiki ya 1972, aliwafundisha maelfu ya watu kuchanganya mbio na matembezi namna hii, na siri yake ni kutembea kabla hujachoka, tangu mzunguko wa kwanza. Ukikimbia kilomita kwa dakika 8 hivi, dakika hizo 28 zitakufikisha mbele ya kilomita tatu wiki ya kwanza tu.

Kipimo cha kasi ni maamkizi. Ukipishana na mama mtu mzima, umwamkie shikamoo, akuulize habari za mtoto, na umjibu hadi mwisho bila kukatika. Ukishindwa, punguza, hata kama waliokuja nyuma yako wanakupita.

Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, na mbio moja tu ndiyo irefuke, tuseme ya Jumapili: dakika 28, kisha 32, kisha 36, na wiki ya nne rudi kwenye 28. Mbili zilizobaki ziwe za dakika 20, za raha. Kosa ninaloliona sana ni kurefusha zote tatu kwa pamoja. Kabla hujaongeza tena dakika, refusha vipande vya kukimbia, dakika 5 kwa 1 ya kutembea. Siku mbili usizokimbia, nyanyuka kwenye kiti kwa mguu mmoja na panda kwa vidole vya mguu mmoja, ukilenga taratibu kufika mara 20 kila upande. Miguu dhaifu hukata tamaa kabla ya pumzi.

Joto la pwani, hasa Desemba hadi Machi, huongeza mapigo ya moyo hata ukikimbia kwa kasi ileile. Toka saa kumi na mbili alfajiri, uwe na mwenzako, na unywe maji zaidi ya ulivyozoea. Mchanga wa ufukweni umeinama upande mmoja na huumiza nyonga, heri barabara iliyo sawa.

Faith Kipyegon, mwanariadha wa Kenya, alijifungua Juni 2018, akapata medali ya fedha ya dunia Doha 2019 na dhahabu ya Olimpiki Tokyo 2021. Hiyo ni miaka, kwa mtu ambaye kazi yake ni kukimbia na ana makocha na watu wa kumsaidia. Wewe mtoto akiumwa na ukakesha, siku hiyo mfunge mbelekoni mkatembee. Mbeleko ni ya kutembea, si ya kukimbia. Ukikosa wiki moja, endelea ulipoachia. Ukikosa mbili au tatu, rudi dakika 28, mzunguko wa 3 kwa 1, upande tena kutoka hapo.