Jina, Kitu na Matumizi: Athari za Kibantu katika Sherehe na Mapishi ya Miji ya Kolombia

IKISIRI

Makala hii inachunguza sherehe na vyakula vya miji minne ya Kolombia, yaani Barranquilla, Cartagena (pamoja na kijiji cha San Basilio de Palenque), Cali na Pasto, kwa nia ya kubainisha athari za lugha na utamaduni wa Kibantu. Tunadai kwamba mfanano wa nje kati ya mila za Kolombia na mila zetu hautoshi kuwa ushahidi wa asili moja. Kila kipengele hakina budi kupimwa kwa maswali matatu: jina lake limetoka wapi, kitu chenyewe kimetoka wapi, na nani anakitumia katika shughuli gani.

1.0 UTANGULIZI

Kolombia ni nchi ya Amerika ya Kusini yenye pwani mbili. Kaskazini inapakana na bahari ya Karibi, na magharibi inapakana na bahari ya Pasifiki. Kati ya pwani hizo na mbuga za mashariki imesimama milima ya Andes, ambayo kwa karne nyingi ilizuia mawasiliano rahisi baina ya eneo moja na jingine. Ndiyo maana utamaduni wa nchi hiyo hauelezeki kwa ujumla. Chakula cha mtu wa Barranquilla sicho cha mtu wa Pasto, na ngoma ichezwayo Cali si ile ichezwayo Cartagena.

Mwanafunzi wa Kiswahili asomapo habari za Kolombia hukutana na mambo yanayomshtua. Huona ala iitwayo marimba, huona wali uliopikwa kwa tui la nazi, na husikia kwamba kuna kijiji ambamo mnyama aitwaye ng'ombe huitwa ngombe. Aghalabu hatua inayofuata ni kudai kwamba "Waswahili walifika huko". Dai la namna hii lina madhara mawili. Kwanza, linapotosha historia. Pili, linawanyima wenyeji wa Kolombia haki ya kutambuliwa kuwa wao ndio waliokihifadhi, kukigeuza na kukitetea kile tunachokiona leo. Kwa sababu hiyo, ni muhimu tuwe na kipimo.

2.0 USULI WA KIHISTORIA

Mji wa Cartagena ulianzishwa na Wahispania mwaka 1533, ukawa miongoni mwa bandari kuu za kuingizia watumwa katika makoloni yao ya Amerika. Mjesuti Alonso de Sandoval, aliyefanya kazi mjini humo, alichapisha mwaka 1627 kitabu ambamo alieleza mataifa na lugha za Waafrika walioshushwa bandarini. Kutokana na maandishi ya namna hiyo na kumbukumbu za biashara yenyewe, tunafahamu kwamba wengi wao walitoka Afrika Magharibi na maeneo ya Kongo na Angola. Pwani yetu ya mashariki haikuwa chanzo kikuu cha watu hao.

Jambo hili lina maana kubwa kwa hoja yetu. Uhusiano wa Kiswahili na mabaki ya Kibantu huko Kolombia ni uhusiano wa binamu, si wa mzazi na mtoto. Kikongo na Kiswahili ni lugha za ukoo mmoja. Kwa hiyo neno la Kikongo lililovuka Atlantiki linaweza kufanana na la Kiswahili ingawa halikupata kukanyaga Mombasa wala Kilwa.

3.0 BARRANQUILLA: KANIVALI NA MBAAZI

Kanivali ya Barranquilla huchukua siku nne kabla ya Jumatano ya Majivu. Gwaride lake mashuhuri, Vita vya Maua, lilianza mwaka 1903, baada ya kumalizika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1899 hadi 1902. Siku ya mwisho hufanywa mazishi ya mzaha ya Joselito, mtu wa kubuni anayewakilisha kanivali yenyewe. Waombolezaji wake hulia na kucheka kwa pamoja. UNESCO iliitangaza kanivali hiyo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2003.

Mojawapo ya ngoma zake kongwe huitwa congo. Wachezaji wake huvaa vilemba virefu vya maua na utepe unaoning'inia mgongoni, na huandamana na watu waliovaa barakoa za wanyama. Kikundi cha Congo Grande kiliundwa mwaka 1875, na wataalamu huihusisha ngoma hiyo na vyama vya Waafrika vya Cartagena ya kikoloni, ambavyo vilipangwa kwa "mataifa". Hata hivyo, jina congo peke yake lisituongoze kudhani kwamba kila hatua na kila vazi vilitoka Kongo. Jina linatuambia watu walijitambua au walitambuliwa vipi. Halituelezi mtindo mzima wa ngoma.

Chakula kinachohusishwa sana na siku hizo ni mchuzi mzito wa guandú, unaopikwa kwa nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi na kukaushwa, pamoja na mihogo, viazi vikuu na ndizi mbivu. Guandú ni mbaazi. Neno hilo hunasibishwa na wandu la Kikongo. Lakini mbaazi zenyewe asili yake ni Bara Hindi. Zilifika Afrika kabla ya kuvushwa Atlantiki. Basi hapa jina ni la Kibantu na kitu ni cha Asia. Muhogo, kwa upande wake, ni mmea wa Amerika ya Kusini ambao baadaye ulikuja kwetu ukawa chakula cha kila siku. Sufuria moja, kwa hiyo, ina safari zinazopishana njiani.

4.0 CARTAGENA NA PALENQUE: LUGHA NA SINIA

Takriban kilomita 50 kutoka Cartagena kuna kijiji cha San Basilio de Palenque. Neno palenque lilimaanisha makazi yenye maboma yaliyojengwa na watumwa waliotoroka. Masimulizi ya wenyeji humtaja Benkos Biohó kuwa mwasisi wao. Kiongozi huyo aliuawa na serikali ya kikoloni mjini Cartagena mwaka 1621. UNESCO ilikitangaza kijiji hicho kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005.

Lugha ya kijiji, Kipalenkero, ni krioli ambayo msamiati wake mwingi ni wa Kihispania lakini ina vipengele vya Kikongo. Bickerton na Escalante waliieleza kitaalamu mwaka 1970, na tangu hapo imechunguzwa na wengi. Kwa msomaji wa Kiswahili, mifano michache yatosha. Mtoto ni moná, ambalo tunaliona sambamba na mwana. Ng'ombe ni ngombe. Karanga ni ngubá. Kiwakilishi cha nafsi ya pili wingi ni enú, ambacho kinatukumbusha mzizi wa umilikishi -enu katika "yenu" na "wenu". Wingi huonyeshwa kwa kipashio ma kinachotangulia nomino: ma moná ni "watoto", na ma ngombe ni "ng'ombe wengi". Kipashio hicho huhusishwa na kiambishi cha ngeli cha Kikongo. Tofauti na Kiswahili, ambamo ma- hufungamana na ngeli maalumu, katika Kipalenkero ma hutumika na nomino kwa jumla, zikiwemo zile za asili ya Kihispania. Kwa hiyo tunachokiona ni sarufi mpya iliyojengwa kwa tofali la zamani.

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016 uliunga mkono masimulizi hayo, kwa kuonyesha uhusiano wa ukoo wa kiumeni wa Wapalenke na Wayombe wa Kongo. Hali kadhalika, ibada ya mazishi iitwayo lumbalú, yenye nyimbo za wanawake na ngoma, ina jina ambalo wataalamu hulihusisha na Kikongo.

Neno ngubá linastahili kuangaliwa zaidi. Karanga ni zao la Amerika ya Kusini. Wareno walilipeleka Afrika, Wakongo wakalipa jina lao, na jina hilo likavuka bahari pamoja na watumwa hadi kwenye bara ambako karanga zilitoka. Kitu ni cha Amerika, jina ni la Afrika.

Mfano wa kinyume tunaupata katika peremende na vitamu vya Cartagena. Wanawake wa Palenque hutembea mjini wakiwa na sinia kichwani, wakiuza matunda, kashata za nazi ziitwazo cocada, na madonge ya nafaka jamii ya mtama na uwele yaliyochanganywa na nazi na sukari guru, yaitwayo alegría, yaani "furaha". Majina haya yote mawili ni ya Kihispania. Msomi anayetafuta maneno ya Kibantu tu angepita bila kuona kitu. Lakini mapishi hayo, njia ya kuyauza na malezi yaliyotokana na mapato yake ni historia ya wanawake wa Palenque. Swali la tatu, la matumizi, ndilo linalotufunulia jambo ambalo jina limelificha.

Wali wa nazi unahitaji tahadhari kama hiyo. Katika pwani ya Karibi, tui huchemshwa kwanza mpaka litoe mafuta na chembe zake zigeuke rangi ya kahawia, ndipo mchele unapotiwa. Kwetu tui jepesi hutangulia na tui zito huja mwishoni. Uchunguzi wa vinasaba vya minazi uliochapishwa mwaka 2011 umeonyesha kwamba minazi ya pwani za Atlantiki inatokana na ile ya Bahari ya Hindi, iliyosambazwa na mabaharia wa Kireno. Kuna undugu, naam, lakini ni undugu wa minazi. Haututhibitishii kuwepo kwa wapishi wa Lamu huko Cartagena.

5.0 CALI: MARIMBA YAINGIA MJINI

Cali iko bara, katika bonde la mto Cauca, lakini imekuwa kimbilio la watu weusi wa pwani ya Pasifiki, wakiwemo waliofukuzwa makwao na vita. Tangu miaka ya 1990 hufanyika humo tamasha lililopewa jina la Petronio Álvarez, mtunzi wa nyimbo kutoka Buenaventura. Ala inayotawala ni marimba yenye vibao vya mti wa mchikichi uitwao chonta na mianzi ya kukuza sauti. Muziki huo uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2010, na mwaka 2015 ukaunganishwa na ule wa Esmeraldas nchini Ekwado.

Hapa jina na kitu vyote viwili vinaelekea Afrika ya Kibantu, ingawa vibao na mianzi ni vya misitu ya Pasifiki. Kiisimu, hata hivyo, kuna badiliko. Katika Kihispania marimba ni umoja, na wingi wake ni marimbas. Ma- imekufa kama kiambishi. Kiswahili kilifanya kinyume chake kilipopokea kitabu kutoka Kiarabu: silabi ya kwanza, ambayo haikuwa kiambishi, ikahuishwa, tukapata vitabu. Linganisha pia na Kipalenkero, ambamo ma ingali hai. Mabaki ya Kibantu katika nchi moja, basi, yana hatima tofauti.

Chakula cha tamasha ni samaki na kamba wa kupaka nazi, na kome wanaookotwa na wanawake katika mikoko. Kinywaji chake ni viche, pombe kali ya miwa itengenezwayo zaidi na wanawake, na ambayo pia huingia katika dawa za wakunga. Kwa muda mrefu viche ilihesabiwa kuwa pombe haramu. Sheria namba 2158 ya mwaka 2021 iliitambua kuwa urithi wa jamii za watu weusi wa Pasifiki. Suala linalobaki ni nani atakayenufaika soko likipanuka: watengenezaji wa mitoni, au wenye mitaji wa mijini.

6.0 PASTO: KIPIMO CHA HOJA

Pasto, mji wa milimani karibu na Ekwado, una Kanivali ya Weusi na Weupe. Tarehe 5 Januari watu hupakana rangi nyeusi. Tarehe 6 hurushiana unga mweupe, na magari yenye sanamu kubwa hupita barabarani. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2009 ikiitafsiri kuwa ishara ya usawa. Chakula mashuhuri ni cuy, yaani simbilisi wa kuchoma. Jina na mnyama vyote ni vya Andes.

Hapa jina la siku linataja watu weusi, lakini sherehe na mapishi yake yana mizizi mingi ya Wenyeji Asilia na ya Kihispania. Aidha, kupaka uso rangi nyeusi si sawa na kushirikiana na mtu mweusi. Mfano wa Pasto unatuonya tusigeuze kila neno "mweusi" kuwa ushahidi wa Uafrika.

7.0 HITIMISHO

Tumeona mahusiano manne: jina la Kibantu kwa kitu cha Asia (guandú), jina la Kibantu kwa kitu cha Amerika (ngubá), jina na umbo vya Kibantu kwa ala iliyoundwa upya (marimba), na jina la Kihispania kwa kazi ya wanawake wenye asili ya Kikongo (alegría). Hakuna swali moja linaloweza kuyatenganisha.

Tokeo jingine linahusu uhifadhi. Katiba ya Kolombia ya 1991 ilizipa lugha za makabila hadhi rasmi katika maeneo yao, na Kipalenkero kinafundishwa shuleni kijijini. Hata hivyo, watoto wengi hukua wakizungumza Kihispania zaidi, kwa kuwa wazazi wao walidhihakiwa mjini kwa lugha yao. Mtalii wa Cartagena hupiga picha ya gauni la rangi na sinia la matunda. Hasikii ma wala enú. Tamasha huweza kuhifadhi kile kinachoonekana jukwaani, lakini lugha huhifadhiwa jikoni, matangani na katika malezi. Idara za Kiswahili zina ujuzi wa ngeli na wa isimu linganishi unaoweza kuwafaa watafiti wa Palenque, alimradi twende kwao kama ndugu wa ukoo wenye kuuliza, wala si kama wenye mali waliokuja kudai kilichopotea.