Kulala Chali na Kuchuchumaa: Maelezo kwa Kaya za Mkoa wa Singida

Mwanamke wa Singida aendapo kujifungua, iwe katika zahanati ya kijiji chake, iwe Kiomboi, Makiungu, au Itigi kwenye Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, aghalabu hukuta kitanda chembamba, akaambiwa apande, alale chali na kukunja miguu. Bibi yake aliyezalia ndani ya tembe aghalabu hakuambiwa hivyo. Alipiga magoti au alichuchumaa, akashikwa mabega na wanawake wenziwe. Hitilafu hiyo huwatia wengine shaka hata wakaichelea hospitali, nayo ina asili yake.

Kulala chali si amri ya maumbile. Ulaya yenyewe wanawake walizalia juu ya viti vyenye tundu kwa karne nyingi, hata mwaka 1668 tabibu Mfaransa François Mauriceau alipochapisha kitabu chake akakisifu kitanda. Na kadiri matabibu wanaume walivyoingia, pamoja na koleo zao za kumvutia mtoto, katika kazi iliyokuwa ya wakunga, ndivyo kitanda kilivyotamalaki. Mkao ule, kwa hakika, ulimfaa aliyesimama kuliko aliyelala. Wamisionari na serikali za kikoloni walipojenga hospitali katika nchi zetu walikileta kitanda kile kile, na wakunga wetu wakafunzwa kazi mbele yake.

Walakini tusiwadhulumu wakunga. Mzazi akilala, mkunga huona vyema kichwa kinavyotoka, huulinda msamba usichanike, husikiliza moyo wa mtoto kwa fetoskopu bila taabu, na damu ikizidi huiona mapema. Naye pengine yu peke yake usiku, na leba ina wazazi zaidi ya mmoja. Ikilazimu kushona, au kumtoa mtoto kwa chombo, kulala chali ndio mkao wa kazi hiyo.

Madhara yake nayo ni ya kweli. Tumbo zito hukandamiza mshipa mkubwa urudishao damu moyoni, shinikizo la damu la mama likashuka na mtoto akapungukiwa hewa. Mfupa wa mkia hubanwa na godoro, njia ikakosa nafasi ya kupanuka, na mama akasukuma kama apandishaye mzigo mlimani. Akichuchumaa, akipiga magoti au akikaa wima, uzito wa mtoto mwenyewe humsaidia. Tafiti zimeonyesha kwamba wazazi wa namna hiyo huongezwa njia kwa mkasi mara chache zaidi, ingawa damu yao yaweza kuzidi nusu lita mara nyingi zaidi kuliko ya waliolala. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilihesabu desturi ya kumlaza kila mzazi chali miongoni mwa mambo yanayostahili kuachwa, na mwaka 2018 likapendekeza mama achague mwenyewe mkao, ule wa wima ukiwamo.

Hayo yasiwe hoja ya kubaki nyumbani. Damu imwagikayo baada ya kuzaa huweza kuua kwa muda wa saa chache, na sindano ya oksitosini inayoizuia iko kwa mkunga, haiko tembeni. Mama mkwe asemaye kwamba sisi tulichuchumaa tukapona amewasahau wale ambao hawakupona. Kwa kaya za mbali, kama zile za Mkalama na Manyoni, nauli na chombo cha safari vitafutwe kabla ya uchungu, hasa wakati wa mvua.

Mjamzito na amwulize mkunga siku ya kliniki, mumewe akiwapo: je, nitaruhusiwa kutembea wakati wa uchungu, na kupiga magoti au kulala ubavu nitakaposukuma? Akikataliwa kuchuchumaa, aombe walau kulala ubavu wa kushoto, au kuinuliwa upande wa kichwani. Lakini mkunga akisema moyo wa mtoto umebadilika, au damu inazidi, mama alale kama anavyoelekezwa, wala jamaa wasibishane naye mlangoni.