Nikisimulia shida zangu, moyo hunienda mbio zaidi

SWALI: Daktari, nikiwa na matatizo wenzangu huniambia, "Sema, utapata nafuu." Nikisema ndiyo kwanza natetemeka. Nina kasoro gani?

JIBU: Huna kasoro. Ubongo ukihisi tishio huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini, kisha kotisoli. Moyo hudunda, sukari hupanda katika damu. Na tishio si simba tu. Hofu ya kuonekana mzigo kwa jamaa zako inatosha kabisa.

Mwaka 2007 mwanasaikolojia Shelley Taylor na wenzake, huko California, walichapisha jaribio ambalo washiriki walitakiwa kuhutubia mbele ya watu na kuhesabu kinyumenyume. Kabla ya hapo, baadhi waliandika barua ya kuomba ushauri kwa watu wao wa karibu. Wengine walilifikiria tu kundi wanalolithamini. Wamarekani wenye asili ya Ulaya walinufaika zaidi kwa kuomba. Wenye asili ya Asia ilikuwa kinyume: kotisoli yao ilikuwa chini walipowawaza tu watu wao.

Mimi sishangai. Aliyelelewa asiwatie wenzake mashakani, kuomba kwenyewe ni mtihani wa pili.

Basi usijilazimishe kusimulia. Nenda kwa dada yako mkachambue mchele, mzungumze ya harusi na ya mvua. Ila kama moyo unakwenda mbio hata umetulia, au usingizi umepotea kwa wiki kadhaa, nenda kituo cha afya ukapimwe.