Data Imeleta Nini? Somo kutoka Pande Mbili za Ziwa

Tuanze na kitu tunachokijua wote: fotokopi. Tuseme kuna jamaa ana duka la fotokopi na kuprinti jirani na chuo, pale Malimbe. Muhula huu kaanza kuandika kwenye daftari kila kazi inayoingia: saa ngapi, kurasa ngapi, shilingi ngapi. Baada ya wiki chache akagundua kuwa kila anapofungua saa tatu asubuhi, nusu saa ya kwanza inamletea kazi nyingi kuliko asubuhi yote iliyobaki. Maana yake watu wanakuwa wameshapanga foleni mlangoni, na wengine wamekata tamaa wakaondoka. Basi akamlipa kijana sh. 2,000 kwa siku awe anafungua saa moja. Wiki ya UE ilipofika, mauzo yakapanda kutoka sh. 40,000 hadi sh. 70,000 kwa siku. Jamaa anatamba: "Daftari limeniingizia elfu thelathini kila siku!"

Kweli? Mwulize wiki ya UE ya muhula uliopita aliuza kiasi gani, kabla hajawa na daftari. Tuseme anajibu sh. 65,000. Hapo hesabu inabadilika. UE ingeleta wateja tu, daftari liwepo lisiwepo. Tofauti inayoweza kuhesabiwa kuwa kazi ya daftari ni sh. 5,000. Toa 2,000 za kijana, inabaki 3,000. Siyo haba, lakini siyo 30,000.

Somo lote la thamani ya data limo katika mfano huo, na lina sehemu mbili. Kwanza, daftari peke yake halikuleta hata senti. Kilicholeta ni uamuzi wa kufungua mapema. Pili, faida haipimwi kwa kulinganisha jana na leo, bali leo na vile ambavyo leo ingekuwa bila uamuzi ule. Kampuni nyingi, halmashauri, hata vyuo, wanakwama kwenye moja ya sehemu hizi. Wananunua mfumo, wanafunga dashibodi yenye rangi nzuri, halafu hakuna anayeweza kusema uamuzi gani umebadilika.

Thamani inazaliwa kwenye uamuzi

Tanzania ina mfano wake wa kujivunia. Katika miaka ya 1990, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na shirika la Kanada la IDRC iliendesha mradi ulioitwa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lilikuwa jepesi: je, halmashauri ikijua watu wake wanakufa kwa nini hasa, itapanga bajeti ya afya vizuri zaidi?

Tatizo lilikuwa kwamba watu wengi walifia nyumbani, kwa hiyo takwimu za hospitali hazikuonyesha picha kamili. Wakusanyaji wakapita kaya kwa kaya kuuliza nani amezaliwa, nani amefariki, na marehemu alikuwa na dalili zipi. Kisha timu za afya za wilaya zikapewa programu nyepesi ya kompyuta iliyoweka michoro miwili sambamba: mzigo wa kila ugonjwa upande mmoja, na fedha zinazotengwa kwa ajili yake upande mwingine.

Michoro ile ilishtua. Morogoro, malaria ilikuwa inabeba takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, lakini mwaka 1996 ilipata asilimia 5 tu ya bajeti. Timu zikahamisha fedha kuelekea malaria na matibabu ya pamoja ya magonjwa ya watoto. Nyongeza iliyotumika ilikuwa karibu senti 80 za dola kwa mtu kwa mwaka. Katika miaka iliyofuata, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Angalia mnyororo ulivyo: data, mchoro, uamuzi wa bajeti, dawa kufika zahanati, mtoto kupona. Ukikata pete moja, thamani inaishia hapo. Data ikikusanywa vizuri namna gani, kama mwenye bajeti hana mamlaka ya kuihamisha, kazi yote imekuwa madesa yasiyosomwa.

Lakini mwenye jicho kali atauliza: vifo vingeshuka kiasi gani hata bila mradi? Wilaya zile hazikuchaguliwa kwa kura na kulinganishwa na nyingine zinazofanana nazo, kwa hiyo ni vigumu kusema asilimia zote 40 ni kazi ya data. Kwa swali hilo turudi nyumbani.

Mwanza ilivyopima

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), AMREF na chuo cha afya ya jamii na tiba za tropiki cha London waliendesha jaribio mkoani Mwanza ambalo mpaka leo linasomwa darasani duniani kote. Walitaka kujua kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kunapunguza maambukizi mapya ya VVU. Huduma yenyewe haikuwa ya ajabu: kuwafundisha watumishi wa zahanati na vituo vya afya, kuhakikisha dawa zipo, kuwatembelea kuwasimamia, na kuwaelimisha wananchi.

Ujanja ulikuwa kwenye kipimo. Walichukua maeneo 12, wakayapanga jozi 6 zinazofanana: kijiji cha ziwani na cha ziwani, cha barabarani na cha barabarani. Katika kila jozi, kura ikaamua nani aanze kupata huduma hiyo na nani aendelee na huduma za kawaida. Watu wazima zaidi ya 12,000 waliandikishwa, na baada ya miaka miwili wakafuatiliwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Miongoni mwa waliokuwa hawana VVU mwanzoni, walioambukizwa ndani ya miaka miwili walikuwa asilimia 1.2 kwenye maeneo yenye huduma, na asilimia 1.9 kwenye maeneo ya kulinganisha. Hilo ni punguzo la karibu asilimia 40, na lilionekana katika jozi zote 6. Tabia za ngono ambazo watu walizieleza hazikubadilika, kwa hiyo mtu hawezi kusema labda walianza tu kujihadhari.

Sasa fikiria kama wangekuwa na asilimia 1.2 peke yake. Ni nyingi? Ni chache? Hakuna ambaye angejua. Namba ile ilipata maana kwa sababu ya 1.9 iliyosimama kando yake.

Hawakuishia hapo. Mwaka 1997 ikachapishwa hesabu ya gharama: senti 39 za dola kwa kila mkazi kwa mwaka, na takriban dola 218 kwa kila maambukizi yaliyozuiwa. Hapo ndipo waziri, mfadhili au mkurugenzi anaweza kukaa mezani na kuamua, maana ana matokeo na bei yake kwa pamoja. Kampuni za intaneti siku hizi zinafanya jambo hilohilo kila siku zinapowaonyesha watumiaji kurasa mbili tofauti kwa kura, kuona ipi inauza zaidi. Mantiki ni ileile ya zahanati za Mwanza.

Ng'ambo ya ziwa mambo yakawa mengine

Usikimbilie kunakili. Rakai, upande wa Uganda wa ziwa letu hili hili, watafiti walijaribu njia nyingine: kuwatibu watu wazima wote majumbani kila baada ya miezi 10, wawe na dalili au wasiwe nazo. Matokeo yalitoka mwaka 1999. Maambukizi mapya ya VVU hayakutofautiana kati ya makundi mawili.

Je, mmoja alikosea? Hapana. Mwanza kiwango cha VVU kilikuwa karibu asilimia 4; Rakai kilikuwa karibu asilimia 16, janga likiwa limeshakomaa. Mwanza mgonjwa alitibiwa siku yoyote alipokuja na dalili. Rakai dawa zilipita kwa zamu, na katikati ya zamu ugonjwa ungeweza kurudi. Kwa hiyo thamani haimo ndani ya data kama mafuta yalivyomo ndani ya alizeti. Inategemea mahali, wakati na namna unavyotekeleza. Mfumo uliofaa benki ya Nairobi unaweza usifae chama cha ushirika cha wavuvi Ukerewe.

Ukienda field

Wengi wetu tutaenda field benki, halmashauri, viwanda vya samaki, hospitali. Utawekwa mbele ya Excel na kuambiwa "chambua data". Kabla hujachora chochote, uliza haya manne:

1. Nani atafanya uamuzi kwa kutumia kazi hii, na anao uwezo wa kuubadilisha?
2. Uamuzi ungekuwa upi bila data hii?
3. Tutalinganisha na nini: tawi lingine, msimu kama huu mwaka jana, au kundi lililochaguliwa kwa kura?
4. Imegharimu kiasi gani, ukihesabu na muda wa watu?

Ongeza na la tano, la moyoni: waliotoa data wamepata nini? Wale watu zaidi ya 12,000 wa Mwanza walitoa damu yao na kujibu maswali ya siri zao. Mteja wa simu naye anatoa taarifa zake kila anapotuma pesa. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo hili siyo suala la hisani tena.

Na siku ya kuandika ripoti, ukitamani kuandika "mfumo umeongeza mauzo kwa asilimia 40", mkumbuke jamaa wa fotokopi. Tafuta kwanza ile elfu sitini na tano. Ukiikosa, andika kwamba hukuweza kulinganisha. Msimamizi mzuri atakuheshimu zaidi kwa sentensi hiyo kuliko kwa grafu kumi.