Tetemeko likitukuta bwenini, tufanyeje?

Swali: Nasoma chuo hapa Bukoba, nalala ghorofa ya tatu. Ardhi ikitetemeka, nikimbilie nje?

Jibu: Usikimbilie ngazi jengo likiwa linatikisika; wengi huumia hapo. Ingia chini ya meza imara, mbali na madirisha, ushikilie mguu wake mpaka mtikisiko ukome. Kisha toka, wala usirudi ndani: mitetemo inayofuata huweza kuangusha kuta zenye nyufa. Hapo Bukoba, tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato. Siku ya jingine haitabiriki. Basi leo shusha masanduku yaliyo juu ya kabati, na pamoja na wenzako uombeni uongozi ulete mhandisi akague bweni.