Mtoto Hujifunza Kusema kwa Kusemeshwa

Wengi wetu twangoja mtoto aseme ndipo tumsemeshe. Hapo twakosea. Mtoto huisikia sauti ya mama yake tangu tumboni. Apatapo miezi 6 hivi hutamka "ba-ba-ba". Karibu na mwaka 1 hutoa neno la kwanza. Afikapo miaka 2 huunga mawili: "mama maji". Basi tumsemeshe tunapomwogesha na kumlisha, kisha tunyamaze kidogo naye ajibu kwa sauti yake.

Lakini asipogeuka aitwapo, tusiseme, "Amerogwa," wala, "Atasema tu." Huenda hasikii. Tumpeleke hospitali mapema apimwe masikio. Miaka ya kwanza ikipita bila lugha, iwe ya kinywa au ya ishara, hasara yake ni kubwa. Je, leo tumezungumza naye?